Unga mweusi hauna jina: jinsi miale ya infraruji inavyotuonyesha kama oksidi imeiva

Leo nataka tuzungumze juu ya unga mweusi.

Najua wengine watasema: "Eeh, kemia tena!" Subirini kidogo. Siye tuliokulia Katanga, kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, tunatembea juu ya mawe ambayo dunia nzima inayatafuta. Jiwe la kijani la malakiti liko na shaba. Jiwe jeusi la heterogeniti liko na kobalti. Nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Lakini muulize mwenye diploma ya kemia ama ya metalurji: "Ukichoma lile jiwe unapata nini hasa, na unajuaje?" Wengi tunaanza kukohoa. Mimi pia nilikohoa, tena mbele ya watu. Wacha nianze na hiyo hadithi.

SIKU NILIPOKOHOA

Kazi yangu ya mwisho wa masomo, TFE, ilikuwa kutengeneza oksidi ya shaba (CuO) kutoka kwa malakiti. Kwenye karatasi ni kazi nyepesi. Malakiti ni shaba iliyoshikana na karbonati na hidroksili. Ukiichoma inatoa maji na gesi ya kaboni, na kinachobaki ni oksidi:

Cu₂CO₃(OH)₂ → 2 CuO + CO₂ + H₂O

Nilisaga gramu 5 za jiwe, nikaziweka ndani ya kikombe cha kauri, nikaingiza mu tanuru kwenye digrii 250 kwa saa moja. Nilipofungua, kijani yote ilikuwa imekwisha. Unga mweusi ti! Nikapima, nikaandika "gramu 4,3" mu kitabu changu, na chini yake nikaandika kwa furaha: "CuO".

Wiki mbili mbele ya utetezi, tulifanya zoezi mbele ya wakubwa wa labo. Asistanti mmoja akanyanyua kichupa changu, akakitikisa.

— Kijana, umejuaje kama hii ni CuO?

— Iko nyeusi, mukubwa.

— Makala pia iko nyeusi. Manganezi iko nyeusi. Oksidi ya kobalti iko nyeusi. Zote ni CuO?

Watu wakacheka. Mimi nikakohoa. Akanirudishia kichupa na kusema: "Rangi ni ya macho yako. Nenda uulize vifungo." Sikuelewa maana yake mpaka siku niliyopelekwa kwenye labo moja yenye spektromita ya infraruji. Pale njo nilifahamu kwamba swali lake halikuwa la kunifedhehesha. Unga wangu kweli haukuwa CuO. Ulikuwa CuO nusu na malakiti nusu, na rangi nyeusi ilikuwa imefunika yote.

MWANGA AMBAO JICHO HALIUONI

Tuanze na miale yenyewe. Mu 1800, William Herschel, mtaalamu wa nyota aliyekuwa akiishi Uingereza, alipitisha mwanga wa jua ndani ya kioo cha pembe tatu ukagawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua. Akaweka kipimajoto kwenye kila rangi. Kiisha akakiweka pembeni ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni rangi yoyote. Joto likapanda zaidi. Kumbe kuna mwanga ambao hatuuoni, lakini tunausikia kama joto. Njo huo tunaita infraruji; wenzetu wa Tanzania wanasema infraredi. Unapokaribia mbabula yenye makala inayowaka, joto linalokupiga usoni mbele hata ya kugusa kitu, kwa sehemu kubwa ni miale hiyo.

Sasa kuna uhusiano gani kati ya ile miale na jiwe? Ndani ya kila kitu kigumu, atomu hazitulii. Zinatikisika kila wakati. Chukua mawe mawili, yafunge kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, uyavute na uyaachie. Yatacheza kwa mwendo wake. Mawe yakiwa mepesi, yanacheza haraka. Yakiwa mazito, yanacheza polepole. Mpira ukiwa mgumu, haraka zaidi. Ukiwa umelegea, polepole. Atomu mbili zilizoshikana ziko vilevile: uzito wa atomu na ugumu wa kifungo vinaamua mwendo.

Miale ya infraruji iko na mwendo unaolingana na mitikisiko hiyo. Ukipiga unga kwa miale ya mwendo mbalimbali, kila kifungo kinakula ule mwendo wake na kuacha mingine ipite. Mashine inaandika ni miale gani imeliwa. Mu grafiki, pale mwanga ulipoliwa mstari unashuka na kufanya bonde. Grafiki nzima tunaita spektra, na mabonde yake njo ushahidi wetu.

Kuna sharti moja: wakati kifungo kinatikisika, umeme wake lazima usogee, yaani upande wa chanya na upande wa hasi visogeleane na kuachana. Oksijeni na azoti za hewani, O₂ na N₂, ziko na atomu mbili sawasawa, hakuna upande wa chanya wala wa hasi, basi hazili kitu. Bahati njema, maana bila hiyo hewa yenyewe ingefunika kila kipimo. Metali na oksijeni zenyewe ziko na chanya na hasi wazi kabisa, kwa hiyo oksidi nyingi zinakula infraruji kwa nguvu.

Mwendo tunaupima kwa namba ya wimbi: ni mawimbi mangapi yanaingia ndani ya sentimita moja. Tunaandika cm⁻¹. Spektromita za kawaida zinaanza 4000 na kushuka hadi 400 cm⁻¹.

HESABU NDOGO INAYOELEZA RAMANI YOTE

Wengi tunakariri mabonde kama tulivyokariri mito ya Kongo mu shule ya msingi. Kuna hesabu moja inayokuokoa. Mwendo unafuata mzizi wa mraba wa ugumu wa kifungo, ukigawanywa kwa uzito wa pamoja wa atomu mbili. Ule uzito wa pamoja unapatikana hivi: zidisha uzito wa atomu mbili, kiisha gawa kwa jumla yao.

Kwa hidrojeni na oksijeni: (1 × 16) / (1 + 16) = 0,94.

Kwa shaba na oksijeni: (63,5 × 16) / (63,5 + 16) = 12,8.

Ya pili ni karibu mara 14 ya kwanza, na mzizi wa mraba wa 14 ni karibu 3,7. Kwa hiyo kama hidrojeni na oksijeni zinacheza kwenye 3600 cm⁻¹, shaba na oksijeni, hata kwa mpira uleule, zingeshuka hadi karibu 970. Na kwa sababu kifungo cha shaba na oksijeni kimelegea zaidi, zinashuka tena chini, hadi chini ya 700. Hesabu hii ni ya kukadiria tu, maana ndani ya jiwe gumu atomu nyingi zinacheza pamoja. Lakini inakupa ramani:

• 3700 hadi 3000: oksijeni na hidrojeni. Hapa wanakaa hidroksili na maji.
• Karibu 1630: maji yenyewe, H₂O nzima, inapojipinda kama mkasi.
• Karibu 1550 hadi 1350: karbonati.
• Karibu 1100 hadi 1000: silisi na oksijeni, yaani mchanga na udongo.
• Chini ya 700: metali na oksijeni. Hapa njo nyumbani kwa oksidi.

Shika hasa ile ya 1630. Hidroksili, OH, iko na hidrojeni moja tu, haiwezi kujipinda kama mkasi. Maji yako na mbili. Ukiona bonde kule juu kwenye 3400 pamoja na bonde la 1630, unga wako uko na maji. Ukiona bonde kali kule juu bila la 1630, ni hidroksili iliyoshikwa ndani ya jiwe. Hiyo tofauti imewaangusha wengi, nami ilinikaribia.

TURUDI KWA MALAKITI YANGU

Mbele ya kuchoma, malakiti inaonyesha mabonde mawili ya hidroksili, moja karibu 3400 na lingine karibu 3310. Karbonati yake inaonekana kwa nguvu karibu 1500 na 1400, pamoja na mabonde madogo kati ya 1100 na 700. Ni spektra yenye kelele nyingi, kama soko la asubuhi.

Tukapima unga wangu mweusi wa digrii 250. Mabonde ya 1500 na 1400 bado yalikuwa pale! Yamepungua, ndiyo, lakini hayajatoka. Oksidi ya shaba, CuO, haina karbonati. Kwa hiyo ndani ya ule unga kulikuwa na malakiti ambayo haijaiva.

Na kitu cha kunisikitisha zaidi: mizani ilikuwa imenieleza siku ya kwanza. Tufanye hesabu. Malakiti inapimwa gramu 221 kwa moli, CuO mbili ni gramu 159. Ikiiva yote, inapoteza 28 kwa mia ya uzito wake. Gramu 5 zingebaki gramu 3,6. Mimi niliandika 4,3 kwa mkono wangu mwenyewe, na sikujiuliza kitu. Rangi ilikuwa imenilewesha.

Nikarudi kwenye tanuru, digrii 450, saa mbili. Mara hii karbonati ilikuwa imekwisha kabisa. Hidroksili pia imekwisha. Kilichobaki ni mabonde mapana kati ya 600 na 450, nyumbani kwa CuO. Lakini mizani ikasema gramu 3,7, si 3,6. Ile gramu 0,1 ilitoka wapi?

Spektra ilijibu tena. Kulikuwa na mabonde mawili madogo yaliyokaa karibu karibu kama mapacha, 798 na 779, na lingine pana karibu 1080. Hao ni kwatzi, mchanga wa kawaida, ambao unafuatana na mawe yetu karibu kila mahali. Kwatzi haitoi kitu ukiichoma kwenye joto hilo. Nikikadiria, karibu 7 kwa mia ya jiwe langu ilikuwa mchanga tangu mwanzo, njo maana uzito haukushuka mpaka mwisho. Basi mizani na spektra zilikuwa zinasema neno moja, kila mmoja kwa lugha yake.

KOBALTI: OKSIDI MBILI NDANI YA MOJA

Malakiti ni mfano mwepesi, sababu tunaangalia nani ametoka. Kobalti inafundisha kitu kingine: kuangalia nani ameingia.

Kobalti nyingi ya nchi yetu inasafirishwa ikiwa hidroksidi. Mbali huko inageuzwa kuwa vitu vingine, na kimoja kati yao ni Co₃O₄, oksidi nyeusi ambayo, ikichomwa pamoja na karbonati ya litiamu, inatoa LiCoO₂, unga unaowekwa ndani ya betri za simu nyingi. Kwa hiyo safari kutoka hidroksidi hadi Co₃O₄ si mambo ya kitabu tu.

Chukua hidroksidi safi, Co(OH)₂, yenye rangi ya waridi. Spektra yake iko na bonde kali na jembamba karibu 3630. Kali namna hiyo inamaanisha kila hidroksili iko peke yake, haishikani na jirani. Ukiiacha hewani ama kuikausha vibaya, oksijeni inaanza kuila: inageuka kahawia, kiisha nyeusi, inakuwa CoOOH, ndugu wa heterogeniti ya Kolwezi. Bado iko na hidrojeni ndani, lakini tayari ni nyeusi! Mtu wa rangi atasema "imeiva". Haijaiva.

Panda kwenye digrii 300 na zaidi, hewani. Hidrojeni yote inatoka kama maji na unapata Co₃O₄. Ukianza na CoOOH safi, inapoteza karibu 12,7 kwa mia ya uzito. Spektra ya Co₃O₄ iko na mabonde mawili makali, membamba, ambayo huwezi kuyakosa: moja karibu 660, lingine karibu 570.

Kwa nini mawili? Kwa sababu Co₃O₄ iko na kobalti za aina mbili ndani ya nyumba moja. Kobalti moja kati ya tatu imezungukwa na oksijeni nne. Hiyo ni kobalti ya chaji +2. Mbili zilizobaki zimezungukwa na oksijeni sita kila moja. Hizo ni za chaji +3. Nyumba ya namna hii wataalamu wanaita spineli. Bonde la 660 kwa kawaida linatajwa kwa kobalti ya oksijeni nne, la 570 kwa kobalti ya oksijeni sita.

Hapa kuna mtego. CoOOH nayo iko na kobalti +3 yenye oksijeni sita, na bonde lake linakaa karibu 580. Mwanafunzi akiona bonde pale, anapiga makofi: "Co₃O₄!" Pole pole, ndugu. Bonde la 570 peke yake halitoshi. Ni lile la 660 ambalo linaamua, sababu CoOOH haina kobalti ya oksijeni nne. Ukiyaona yote mawili, makali, na kule juu hakuna hidroksili, njo unaweza kuandika Co₃O₄ bila kukohoa.

Na ukizidisha joto? Kupita digrii 900 hewani, Co₃O₄ inaachilia oksijeni na kuwa CoO. Yale mapacha mawili yanapotea. Lakini ukiiacha tanuru ipoe polepole, CoO inarudisha oksijeni njiani na mapacha wanarudi. Utafungua tanuru, utapima, utaona Co₃O₄, kiisha utasema: "Digrii 950 hazikufanya kitu." Zilifanya. Ila wewe ulipima kilichopoa, si kilichokuwa ndani ya moto.

MITEGO MINNE YA LABO

Wa kwanza ni kidonge. Njia ya kawaida ni kusaga miligramu 1 ama 2 za unga wako na miligramu 200 za bromidi ya potasi, KBr, kiisha kukandamiza mpaka upate kidonge kinachopitisha mwanga. KBr inapenda maji kama chumvi ya jikoni mu musimu ya mvua. Maji yake yanaonekana kwenye 3400 na 1630. Mimi nilipoona bonde la 3400 kwenye CuO yangu iliyoiva, nilitaka kulia. Asistanti akaniambia nitengeneze kidonge cha KBr peke yake, bila unga. Bonde lilikuwa palepale. Tangu siku ile sipimi kitu bila kupima kidonge kitupu kwanza, na KBr yangu naikausha mu tanuri ndogo usiku mzima mbele ya kazi.

Wa pili ni pumzi yako. Gesi ya kaboni ya hewani inafanya bonde karibu 2350. Ukifungua mashine na kupumulia ndani, utaliona. Halina uhusiano na karbonati ya jiwe, ambayo inakaa kule 1400 na 1500. Nimesoma kazi ambapo mwandishi alijenga ukurasa mzima juu ya lile bonde la 2350. Ilikuwa pumzi yake.

Wa tatu ni kupoa. Kuna oksidi ambazo hazisubiri. Chokaa iliyochomwa, CaO, ukiiacha juu ya meza inakula maji na gesi ya kaboni ya hewani. Ukiipima kesho yake utaona bonde jembamba la 3640, hilo ni la Ca(OH)₂, na karbonati karibu 1420 na 875. Utasema haikuiva, kumbe iliiva na ikarudi nyuma. Dawa yake: toa kikombe mu tanuru kingali moto, kiweke ndani ya chombo cha kukaushia kilichofungwa vizuri, na upime siku ileile.

Wa nne ni kioo cha mashine. Siku hizi labo nyingi ziko na kifaa cha kuweka unga moja kwa moja juu ya kioo kidogo, bila KBr. Ni kizuri na kinaokoa wakati. Lakini uliza kioo ni cha nini. Almasi inakuruhusu kushuka hadi karibu 400. Jermani yenyewe inaanza kujifunga karibu na 700 kushuka chini, mahali kabisa ambapo oksidi zinaanza kusema. Mtu anaweza kupima CuO juu ya jermani, aone mstari mtupu, na kuandika kwamba hakuna kitu.

INFRARUJI HAIJUI YOTE

Tusiigeuze mganga wa kila ugonjwa. Infraruji inaona vifungo, haioni vizuri mpangilio wa mbali wa atomu. Kwa huo tuko na miale ya X, ambayo inaona fuwele. Lakini miale ya X inasumbuka pale unga haujajipanga kuwa fuwele, na hali hiyo hutokea mara nyingi kwenye joto la chini, wakati jiwe limevunjika lakini oksidi haijasimama vizuri. Pale infraruji bado inaona karbonati na hidroksili zilizobaki. Hizo mbili ni kama mashahidi wawili wa ajali moja waliosimama pande mbili za barabara.

Pia infraruji haioni kwa urahisi kitu kidogo sana. Karbonati ikibaki kidogo mno, bonde litazama ndani ya kelele ya mstari. Kwa hiyo usiandike "hakuna karbonati." Andika "karbonati haionekani." Ni maneno mawili tu, lakini mbele ya jiri yanaweza kukuokoa.

Na unga usiosagwa vizuri unadanganya. Chembe kubwa zinatawanya miale, mstari unainama upande na mabonde yanapinda. Saga mpaka unga uwe laini kati ya vidole kama unga wa muhogo uliochekechwa mara mbili. Usione haya kusaga dakika kumi.

KWA WEWE UNAYEANZA TFE

Si kila chuo kiko na spektromita, tunajua hali. Lakini kuna vitu unaweza kufanya hata mbele ya kupata mashine.

Pima uzito mbele na nyuma ya kila kuchoma, na fanya hesabu ya uzito unaotakiwa kubaki. Mizani nzuri na kalamu tayari ni nusu ya jibu. Uzito usipofika, usiandike jina la oksidi.

Choma kwa ngazi: digrii 150, 250, 350, 450. Weka kidogo cha kila ngazi ndani ya kichupa kilichofungwa, andika joto, saa na tarehe. Siku ukipata nafasi kwenye labo ya wenzako, utapima zote kwa mara moja. Spektra moja peke yake inasema kidogo. Spektra nne zilizopangwa moja juu ya nyingine zinaonyesha nani anatoka wa kwanza na nani anafuata.

Peleka pia jiwe ambalo halijachomwa, na kidonge kitupu cha KBr. Bila hivyo viwili hauna cha kulinganisha.

Na ukipata spektra, anza kusoma kutoka juu, 3600, ukishuka: je, kuna hidroksili? Kuna maji? Kuna karbonati? Kuna mchanga? Njo mwisho ufike kwa oksidi. Wengi tunakimbilia chini ya 700 kutafuta kile tunachotaka kuona. Anayetoka kule juu anakutana kwanza na kile ambacho hakutaka.

Mimi nilitetea TFE yangu na sura mpya kabisa: "Kwa nini digrii 250 hazikutosha." Ile spektra ya unga uliokuwa nusu mbichi niliiweka, sikuificha. Yule asistanti alikaa mstari wa mbele. Swali lake lilikuwa lilelile:

— Kijana, umejuaje kama hii ni CuO?

Nikamuonyesha karbonati iliyotoka, hidroksili iliyotoka, kidonge kitupu, gramu 3,7 na wale mapacha wa kwatzi walioeleza gramu 0,1. Akauliza kitu kimoja tu zaidi: kama nilikuwa nimekausha KBr. Nikasema ndiyo, usiku mzima. Akafunga kitabu chake.

Bandugu na badada, mawe ni yetu, na mara nyingi watu wa mbali njo wanatuambia ndani yake kuna nini na yako na bei gani. Hatuwezi kubadilisha yote kwa spektra moja. Lakini siku utakapokaa mezani na mtu anayenunua unga mweusi, afadhali uwe wewe unayejua kama umeiva. Mwenye kichupa ambacho hajui jina lake, akilete tukisome pamoja.